Mkasi wa Vikonyo: Barua kutoka Westland

Mjomba,

Umeniuliza nikutumie mkasi gani wa kukatia nyanya. Huku Westland, Uholanzi, vitalu nyumba vya vioo vimejipanga mpaka macho yanachoka, na kazi yangu ni hiyohiyo: kukata vichala vya nyanya kutwa nzima. Kwa hiyo swali lako limefika mahali pake.

Usidanganywe na mikasi mikubwa ya kupogolea. Ile ya Felco, kampuni ya Uswisi iliyoanza mwaka 1945, ni mizuri sana kwa michungwa na mibuni, tena ukiharibu wembe unabadilisha wembe tu. Kwa nyanya inachosha kiganja bure. Tafuta mdogo, mwepesi, wenye springi laini, na ncha zake ziwe butu. Ncha kali inatoboa tunda la jirani hata hujaona, na tundu hilo ndilo linalooza.

Wewe uliyekata mkonge miaka yote unajua kwa nini mwiba wa ncha huondolewa kabla jani halijafungwa kwenye kitita. Kikonyo cha nyanya nacho kikate karibu na tunda, kisije kikachoma zilizo chini yake tengani. Barabara ya kwenda sokoni Ilala ni ndefu, nao madalali hawana huruma na nyanya iliyochubuka.

Kunoa hakuna siri. Noa upande wenye mteremko peke yake. Ule bapa upitishe kwenye jiwe mara moja tu, kuondoa chembe za chuma zilizojikunja. Nati ya katikati ikaze kiasi: ikilegea, mkasi unatafuna badala ya kukata. Jaribu kwenye karatasi nyembamba.

Ila kinachotutia hofu huku ni uchafu kuliko ubutu. Kuna kirusi cha nyanya, ToBRFV, kilichoonekana Israel mwaka 2014 na kufika Uholanzi 2019. Binadamu hakimdhuru, lakini husafiri kwa mikono, nguo na mikasi, na kikiingia bandani tajiri halali. Spiriti haikiwezi sawasawa. Jiki inakiweza, nayo hula chuma. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yakikorogwa mazito, yanasaidia pia. Nilipoambiwa nilidhani nataniwa.

Kwenu adui ni mnyauko bakteria, nao hupita kwenye wembe vilevile. Jioni sugua kwanza ule utomvu mweusi wa kijani kwa sabuni, maana dawa haipenyi kwenye uchafu. Kisha chovya kwenye jiki iliyochanganywa na maji, suuza, kausha, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye nati.

Nakutumia miwili, mmoja wa bondeni na mmoja wa shamba la juu. Usiichanganye. Jirani akija kuazima, mpe nyanya.