Kutoka Magomeni Hadi Muhimbili

Ndugu msomaji, kama unayo ramani ya Dar es Salaam nyumbani, itandaze mezani na umwite mtoto aje na rula. Mwambie apime kutoka Magomeni Mapipa hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Atakujibu upesi kwamba hazitimii kilometa tatu. Mtoto hakukosea, lakini rula haivuki maji, wala haibebi mgonjwa.

Hebu tufuatane kwa miguu, asubuhi ya kiangazi. Tunaishika Barabara ya Morogoro na kuteremka taratibu. Kulia na kushoto limelala bonde la Jangwani, na katikati yake unapita mto Msimbazi, uliotoka vilima vya Pugu ukielekea baharini pale Salander. Siku kama hii ni kijito tu. Hungedhani una kiburi. Tunapanda ng'ambo ya pili hadi Faya, tunakata kushoto, na Upanga ndiyo hiyo. Dakika 40 hivi, na jasho kidogo.

Rudi tena wakati wa masika. Mvua ikipiga usiku kucha, Msimbazi huvimba ukaimeza barabara, na magari huzuiwa pande zote mbili. Hata mabasi ya mwendo wa haraka, yaliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, hukoma hapo. (Karakana yao nayo ilijengwa bondeni humo humo, ikafurika!) Mama aliyeshikwa na uchungu Magomeni huiona Upanga kwa macho yake, naye hana budi kuzungushwa kwa njia nyingine, katika foleni ya magari yote yaliyokosa njia. Kwenye ramani hakuna kilichobadilika.

Watu wa Kigamboni wanalifahamu jambo hili. Wao na Magogoni ni pua na mdomo, lakini kabla ya daraja la mita 680 kufunguliwa Aprili 2016, aliyekosa pantoni alilazimika kuzunguka kwa Kongowe.

Yapo na makimbilio. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini. Waliookoka bondeni walihifadhiwa mashuleni, kisha Serikali ikawagawia viwanja Mabwepande, huko mbele ya Bunju, kiasi cha kilometa 30 hivi kutoka walikotolewa. Ukipima umbali kutoka kwenye hatari, mahali hapo pana sifa zote: maji ya Msimbazi hayafiki kamwe. Lakini mpimie pia mchuuzi aliyezoea kwenda Kariakoo kwa miguu alfajiri na kurudi adhuhuri kuwapikia wanawe. Nauli ya kwenda na kurudi ilikula faida yake, na jioni ilimkuta njiani. Baadhi ya waliohamishwa walirejea bondeni, wakaitwa wakaidi. Mimi naliona neno hilo kuwa jepesi mno. Watu wale walikuwa wamepima vilevile, ila walipima umbali wa kuifikia riziki ya kila siku, wakati wakubwa walipima umbali wa kuyakimbia maji yajayo mara moja moja.

Basi ukitaka kuujua mtaa wako, ndugu msomaji, ikunje ramani. Ngoja jioni ya manyunyu, jitwike mzigo, mshike mkono mtoto wa miaka minne, na mtembee kwa mwendo wake. Andika ni dakika ngapi hadi zahanati, na kama taa inawaka mlangoni. Andika ni wapi mlilazimika kuvua viatu. Kisha nendeni hadi shule iliyo juu ya mwinuko, ile ambayo kila mtu husema ndiyo tutakayokimbilia maji yakija, mtazame kama lango lina kufuli, na muulize ni nani hulala na ufunguo wake.