Mtoto Anayerudi Nyumbani Jioni

Ukitaka kujua familia ya Kikenya inajionaje, usiulize wanaishi wapi. Uliza mtoto anasoma wapi, halafu uliza kama ni bodi au ni dei. Hilo swali la pili ndilo lenye uzito. Bodi ni sanduku la chuma, godoro lililofungwa juu ya matatu, blanketi yenye jina lililoandikwa kwa maki peni. Bodi ni heshima. Dei ni "tulikosa pesa." Hata kwenye wasifu unaosomwa mazishini, aliyesoma bodi hutajiwa shule kwa jina. Aliyesoma dei husemwa tu kwamba alisomea hapa nyumbani.

Mimi nilisoma dei miaka minane, kwenye shule ndogo ya binafsi ya Wakatoliki, nje kidogo ya soko la Mukuyuni, Makueni. Sitaitaja jina, kwa sababu nitaisema vizuri na pia nitaisema vibaya.

Kama hujafika Mukuyuni, ni kituo kwenye barabara ya Machakos kwenda Wote. Jina ni la mti: mukuyu kwa Kikamba ni mkuyu, na zamani wazee wa Kikamba walikuwa na mikuyu ambayo chini yake walitambika na kuomba mvua. Leo watu huomba makanisani, na kwetu kanisa la wengi ni AIC. Wamishenari wa Africa Inland Mission walianza kazi yao Nzaui mwaka 1895, na Nzaui iko hapa hapa Makueni. Wakatoliki walikuja na shule zao pia. Kabaa, upande wa Machakos, ndiko ilikoanzia mwaka 1925 shule ambayo baadaye ilihamia Mang'u na kuchukua jina hilo. Kwa hiyo Ukambani mtu anaweza kuwa AIC wa kufa kupona, na bado barua yake ya kwanza akafundishwa na Mkatoliki. Mwaka 1968 Sheria ya Elimu ilizifanya shule nyingi za makanisa kuwa za umma, kanisa likabaki kuwa mdhamini. Ndiyo maana shule ya Kikatoliki iliyo ya binafsi ni kitu kingine kabisa. Serikali haiilipii mwanafunzi hata shilingi. Inaishi kwa karo, na karo ikichelewa, chaki pia huchelewa.

Mama yangu ni AIC, tena wa kwaya. Alinipeleka kwa Wakatoliki kwa sababu moja: niliweza kutembea hadi pale na kurudi kabla ya giza. Kwenye ukuta wa ofisi kulikuwa na maneno manne, yaliyoandikwa kwa rangi ya samawati: Upendo, Heshima, Nidhamu, Huduma. Kila shule Kenya ina ukuta kama huo, na ukitaka kujua kama maneno yanaishi, angalia mambo madogo.

Ijumaa kulikuwa na misa. Sisi ambao si Wakatoliki tuliambiwa mara moja tu, darasa la kwanza: simama, kaa, au tulia, ila usimsumbue anayesali. Basi. Hakuna aliyewahi kunishika mkono kunifundisha ishara ya msalaba. Darasani tulikuwa na watoto wawili Waislamu, ndugu, ambao baba yao alikuwa na duka sokoni. Mwezi wa Ramadhani, saa ya chakula, walipewa ufunguo wa chumba cha vitabu wakae humo, wasinuse githeri ya watu. Hiyo haikuandikwa kwenye ukuta wowote.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilijua kwamba jambo hilo dogo linaweza kufika Mahakama ya Juu. Huko Isiolo kuna shule ya kutwa inayoitwa St. Paul's Kiwanjani, ya umma, mdhamini wake Kanisa la Methodisti. Wasichana Waislamu walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda kortini. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ililipa kanisa haki, mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikawapa wasichana, na mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo kwa sababu ya jinsi madai yalivyowasilishwa, si kwa kuamua nani yuko sawa. Miaka ya kesi, mawakili, majaji, na swali bado liko pale lilipokuwa. Kila nikikumbuka ile kesi nakumbuka ufunguo wa chumba cha vitabu.

Sasa niseme na ubaya. Darasa la tano nilitumwa nyumbani kwa karo mara nne ndani ya muhula mmoja. Jina lilisomwa paredi, unachukua begi, unapita mbele ya yale maneno manne ukielekea getini. Upendo, Heshima, Nidhamu, Huduma. Neno la tano lilikuwa Karo, na hilo halikuhitaji rangi. Shule inayosema inakaribisha wote huku ikiwa na lango la pesa inakaribisha wote walioweza kulipa. Hilo nililijua nikiwa na miaka kumi, na Nairobi, mwaka wa pili chuoni, lilinikuta tena, safari hii bila kurudi. Siku hizi naishi nyumbani na kuandikia watu vitu kwa mtandao. Majirani huniita "yule wa kompyuta."

Nayaandika haya kwa sababu ya mpwa wangu.

Ana miaka sita. Dada yangu anafanya kazi Mlolongo na hutuma pesa. Mtoto anaishi na sisi, yaani mimi na Susu wake, mama yangu. Ana kile ambacho madaktari huita mtindio wa ubongo. Miguu haimbebi, na mkono wa kushoto hufanya mambo yake wenyewe. Maneno yake hutoka polepole, lakini ukimpa muda yanafika yote, na kwa hesabu ananishangaza: anajua nimebakisha data kiasi gani kabla mimi sijaangalia. Januari anatakiwa kuingia Gredi ya kwanza.

Ushauri uliomiminika ulikuwa mmoja: mpelekeni shule maalum. Bodi. Sina neno baya kwa shule hizo. Thika School for the Blind imekuwepo tangu 1946, na Joytown, pia ya Salvation Army, tangu 1962. Zilifungua mlango wakati watoto wengine walikuwa wakifichwa ndani ya nyumba wageni wakija. Lakini mama yangu hakutaka kusikia. Nilidhani ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu, mpaka jioni moja aliposema neno moja tu: Kyanguli.

Kwa mtu wa Ukambani wa rika lake, hilo halihitaji maelezo. Kwa wewe uliyezaliwa baadaye: usiku wa Machi 2001, bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa moto. Wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, madirisha yalikuwa na vyuma. Septemba 2024 tulilia tena, watoto 21 wa Hillside Endarasha, Nyeri. Katikati ya miaka hiyo, mwishoni mwa 2022, serikali ilitangaza kwamba bodi zingeisha hadi Gredi ya tisa. Kelele zilikuwa nyingi, na bodi bado zipo.

"Wale walikuwa wanaweza kukimbia," mama alisema. "Huyu?"

Hapo ndipo nilianza kuliangalia neno dei kwa macho mengine. Tunalisema kama upungufu, kumbe ndani yake kuna ahadi: mtoto atarudi leo. Jioni utamwona, utamvua viatu, utajua kama alikula na kama kuna aliyemcheka. Mtoto asiyeweza kueleza haraka kilichompata anahitaji mtu wa kumsoma uso kila siku. Miezi mitatu ya muhula ni mingi mno kwake.

Katiba yetu, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kusoma katika taasisi zilizo ndani ya jamii, kadiri inavyomfaa. Tangu 2018 kuna sera ya elimu jumuishi. Nilizisoma zote mbili usiku mmoja, kesho yake nikachukua boda, mtoto katikati na kiti cha magurudumu kimefungwa nyuma kwa mpira, tukaanza kuzunguka.

Akademi ya kwanza walituambia, kwa upole kabisa, kwamba angewachelewesha wenzake. Shule ya umma iliyo karibu nasi walikuwa tayari, na mwalimu alikuwa mtu mzuri, ila darasa lilikuwa limejaa hadi mlangoni na choo kiko chini ya mteremko ambao mimi mwenyewe hushuka nikishika nyasi. Ikabaki shule yangu ya zamani.

Mkuu wa shule sasa ni Sista ambaye hakuwepo enzi zetu. Nilisubiri aseme "karibu, sote ni watoto wa Mungu," tupigwe picha, mambo yaishe. Hakusema hivyo. Alimsalimia mtoto kwanza, akasubiri jibu lake hadi mwisho bila kummalizia neno. Halafu akashika kiti yeye mwenyewe, akamsukuma kutoka getini hadi darasani. Walikwama mara tatu: kwenye kokoto, kwenye ngazi mbili za veranda, na kwenye kizingiti. Mlango wa choo ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Alikuwa anatokwa na jasho alipogeuka.

"Nikikuambia karibu leo, nitakuwa nimekudanganya," alisema. "Nipe hadi mkutano wa wazazi."

Niliuendea huo mkutano nikiwa na hotuba kichwani, Katiba na kila kitu. Sikuitoa. Hoja zilizosemwa hazikuwa za kikatili, na hiyo ndiyo ilizifanya ziwe ngumu. Mama mmoja alisema analipa karo kwa kuuza maembe, na muhula uliopita waliahidiwa tangi la maji. Mwingine akauliza nani atamwinua mtoto choonina kama mwalimu ataacha darasa zima kwa ajili ya mmoja. Nilimwelewa. Ukishatumwa nyumbani kwa karo, unajua kila shilingi ya shule ndogo ina mwenyewe. Ujumuishi unaandikwa kwenye sera na watu wa Nairobi, lakini saruji inanunuliwa na muuza maembe.

Aliyebadilisha mambo ni mzee mmoja aliyekaa nyuma, fundi wa mawe, mtu wa AIC kama mama yangu, mwenye wajukuu wawili pale shuleni. Alisimama na kofia mkononi.

"Mchanga uko mtoni. Mawe yako mashambani mwetu. Tunabishania saruji mifuko mingapi?"

Kisha akataja mwethya, na mkutano ukawa mwingine.

Mwethya ni kazi ya pamoja ya Wakamba. Leo kwangu, kesho kwako, kila mtu na jembe lake. Matuta unayoyaona ukipita vilima vya Ukambani, yale yaliyozuia udongo wetu usiishie baharini, mengi yalichimbwa hivyo, na wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi. Mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu ya msimu, vivyo hivyo. Hakuna anayeuliza dini ya mtu kwenye mwethya. Wanauliza umekuja na nini.

Jumamosi mbili zilitosha. Mimi nilibeba mchanga, nikagundua misuli ambayo kibodi haijui. Yule mama wa maembe alikuja na watoto wake watatu na ndoo nne. Ngazi za veranda sasa zina mteremko wa saruji pembeni, kizingiti kimesagwa, na mlango wa choo umepanuliwa, ingawa bado hauna komeo. Tangi la maji bado halijaja. Hilo nalo ni kweli, na mtu akinikasirikia kwa hilo nitamsikiliza.

Sidhani shule hii imekuwa mbinguni. Karo ya mpwa wangu ni ile ile ya wengine, na dada yangu na mimi tumeigawa nusu kwa nusu. Nusu yangu inategemea wateja wanaolipa wanapotaka. Tukichelewa, sijui kama jina lake litasomwa paredi. Nilimuuliza Sista swali hilo waziwazi. Alisema siku hizi hawasomi majina, wanampigia mzazi simu. Nikamwambia simu inapokelewa, kutembea mbele ya wenzako kunakumbukwa. Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Nilikuwa na swali jingine. Gredi ya nne iko ghorofani, na miaka mitatu si mingi.

"Akifika Gredi ya nne, hiyo Gredi itashuka chini," alisema. "Madawati yanabebeka."

Yule mtoto alikuwa amesikia yote. Tukiwa kwenye boda alinivuta shati, akaanza sentensi yake, nami nikamwambia mwenye boda apunguze mwendo ili tuisikie. Alitaka kujua kama atapewa begi.

"Utapewa, Anko."

Halafu akauliza saa ngapi nitakuja kumchukua. Nikamwambia saa tisa na nusu. Akahesabu kwa vidole vya mkono ule mzuri, kutoka saa mbili asubuhi, akaniambia ni saa saba na nusu, na kwamba hizo si nyingi.