Waya wa Mwenye Ploti

Ploti yetu ya Gilgil ilikuwa juu kidogo ya barabara kuu ya kwenda Nakuru: safu mbili za vyumba vya mawe zikitazamana, kamba za nguo katikati, bafu na vyoo mwishoni. Walipanga hapo walimu, wachuuzi wa stendi, wake wa wanajeshi, na vijana wa machimbo ya Kariandusi waliorudi jioni weupe kwa vumbi la daiatomaiti.

Kupachika antena juu ya mabati kulikuwa marufuku. Mwenye ploti, mzee aliyeishi nyumba ya mbele, alisema kila fundi anayepanda juu huacha tundu. Alisema kweli, nimewahi kukinga matone kwa karai usiku kucha. Basi akatuvutia waya kutoka kwenye king'amuzi chake, kwa shilingi 200 kila mwezi juu ya kodi. Waya ulitoka sebuleni kwake, ukafuata ukingo wa paa, ukagawanywa chumba baada ya chumba. Kila ulipogawanywa mawimbi yalipungua nguvu, kwa hiyo wa mbele walipata picha safi, na sisi wa karibu na vyoo tukapata chenga na sauti.

King'amuzi kilikuwa kimoja na rimoti moja. Alichotazama mzee ndicho ploti nzima ilichotazama. Akihamia mahubiri katikati ya taarifa ya habari, sote tulihamia mahubiri. Watoto walizoea kwenda kubisha kwake: "Guka, tuwekee katuni kidogo." Mara nyingi aliwawekea, na wema huo sijausahau.

Tarehe 2 Julai 2010 Ghana ilicheza na Uruguay katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Mechi ilianza saa tatu na nusu usiku, na mzee kwa kawaida alizima saa nne. Tulimtuma mama wa chumba cha kona, ambaye hakuwahi kuchelewesha kodi. "Mzee, Ghana ndiyo timu ya Afrika iliyobaki. Tuachie hadi mwisho." Akatuachia. Dakika za mwisho za muda wa nyongeza Suárez akazuia mpira kwa mikono langoni, Asamoah Gyan akapiga penalti ikagonga mwamba, na ploti ikalia kwa sauti moja, kuanzia sebule ya mzee hadi kwetu kwenye chenga. Sijawahi tena kuwa karibu na majirani kiasi kile.

Lakini waya huohuo ulikuwa rungu la kodi. Aliyechelewa kulipa alichomolewa, na watoto wake wakabaki kusikiliza kipindi kupitia ukutani. Kwa hilo namlaumu mzee hadi leo: deni lilikuwa la mzazi, na aibu ikabebwa na mtoto. Kenya ina sheria, Sura ya 296, inayowalinda wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Vyumba vyetu vilikuwa chini ya kiwango hicho, ila pale kwetu kila shauri lilianza na kuishia mlangoni kwa mzee.

Februari 2015 mitambo ya analogi ilipokuwa ikizimwa, Citizen, NTV na KTN zilitoweka hewani kwa siku kadhaa, wenye vyombo vya habari wakivutana na Mamlaka ya Mawasiliano. Ziliporudi Machi, kila mwenye uwezo alitaka king'amuzi chake, hata kama bei ilikaribia kodi ya mwezi mzima. Antena zikahitajika upya, na safari hii tulimwendea mzee pamoja.

Alikubali mlingoti mmoja nyuma ya bafu, usioguswa na bati lolote. Tulichanga tukanunua mti mrefu na saruji, tukafunga antena zetu zikielekea upande mmoja. Sharti tuliliweka wenyewe: anayehama achukue antena na king'amuzi chake, mlingoti auachie atakayeingia.