Tairi ya Ndani

Wasee, mmeuliza sana kwa nini Canter imesimama wiki tatu na hakuna vidio mpya. Wacha niseme ukweli.

Kwa wageni: niliacha chuo mwaka wa pili, nikanunua Canter kuukuu, nikaijengea kachumba ka mbao nyuma. Kitanda, jiko la gesi, tangi la maji la lita 300. Tairi ni sita: mbili mbele, nne nyuma, pacha kila upande. Nilikuwa najiambia, nyuma ziko nne, moja ikienda si zimebaki tatu? Ujinga mtupu.

Karibu na Gilgil, tairi ya ndani ya kushoto iliisha upepo bila mimi kujua. Huwezi kuiona, ya nje imeificha. Ya nje ikabeba mzigo wa mbili mpaka ikapasuka. Nyumba ikalala upande kama mlevi, sufuria zote chini. Dada yangu mdogo alikuwa ameketi kando yangu. Hakuumia, lakini hakunisemesha mpaka tukafika Nakuru usiku.

Nikampigia mzee. Ameendesha malori barabara ya Mombasa tangu sijazaliwa, na tangu niache chuo tulikuwa tunasalimiana tu, basi. Hakunigombeza. Aliuliza, "Hiyo nyumba yako ina kilo ngapi?"

Sikujua. Yaani nimejenga nyumba na sijui uzito wake.

Alikuja. Tukaipeleka kwenye mizani na kila kitu ndani, maji yamejaa. Ekseli ya nyuma pekee: kilo 3,400. Gawa kwa nne, 850 kila tairi. Sasa angalia ubavuni mwa tairi, utaona kitu kama 118/114. Ya kwanza ni mzigo ikiwa peke yake, kilo 1,320. Ya pili ni ikiwa pacha, 1,180. Mbona pacha ibebe kidogo? Mzee anasema pacha hazigawani sawa hata siku moja: barabara ina mgongo, moja ina upepo zaidi, joto linakwama katikati. Kwa hivyo zile kilo 330 zinazobaki si nafasi ya kuongeza vitu. (Kwaheri friji.)

Kwa duka la kwanza tulipewa mbili za mtumba, bei poa, "saizi ni moja, buda." Mzee akatoa futi ya fundi nguo, akazungusha. Moja ilikuwa imelika, mzunguko umepungua sentimita sita. Ukizifunga pamoja, kubwa inabeba na ndogo inaburutwa. Ile nyingine ilikuwa na kashata safi kabisa, lakini tarehe yake ilikuwa 3117: wiki ya 31, mwaka wa 2017. Ukiikunja kidogo, nyufa.

Tulinunua nne mpya za nyuma, aina moja, na kipande cha kurefusha vali ya ndani ili nipime upepo bila kulala chini ya gari. Niliuza droni. Ndiyo maana hamtaona picha za juu kwa muda.

Asubuhi ya kuondoka mzee alinionyesha kugonga tairi kwa spana ya magurudumu. Yenye upepo inaruka na kulia, iliyoisha inasema du. Niligonga zote sita nikisikiliza.

"Unaelekea wapi?" akauliza.

"Marsabit."

Akachukua spana, akazunguka gari, akazigonga tena zote mwenyewe.