Natafuta Chumba London Desemba Hii, Mama Yuko Mbagala Ananiokoa

Jamani, hata adui yangu simwombei kutafuta chumba London mwezi wa kumi na mbili. Jua linazama kabla ya saa kumi jioni, baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na kila mtu yuko bize na Krismasi. Mwenzenu nilikuwa na wiki tatu tu za kuhama. Dada niliyekuwa naishi kwake East Ham alikuwa anapokea wageni, na chumba ni kile kile kimoja.

Nikaingia mtandaoni. Siku ya pili tu nikaona studio, picha kali balaa: sofa jeupe, jiko linang'aa, dirisha limejaa jua. Pauni 700 kwa mwezi. Mnaoishi huku mshaanza kucheka. Mwenye nyumba akaniambia kwa meseji kwamba amesafiri Hispania kula sikukuu na familia, hivyo hawezi kunionyesha. Nikituma kodi ya mwezi mmoja na dhamana, jumla pauni 1,400, funguo zitakuja kwa posta. Ila niwahi, kuna wengine wawili wanaitaka.

Sifichi: nilishafungua programu ya benki. Hiyo ilikuwa akiba yangu ya mwaka mzima wa shifti za usiku.

Kabla sijabonyeza nikampigia mama, nimpe habari njema. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja: "Mwanangu, umeingia ndani?" Nikasema nimeona picha. Akanijibu, "Nyumba ya kwenye picha haivuji."

Nikanyamaza, maana nilijua anachokisema. Nikiwa darasa la tano, dalali alituonyesha nyumba mwezi wa tisa, ardhi kavu, rangi mpya ukutani. Mama akalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ya mwezi mmoja ya dalali juu. Mvua za vuli zilipoanza, maji yakaingia mpaka usawa wa kitanda. Mimi na mdogo wangu tulilala juu ya meza. Kodi haikurudi. Tangu hapo mama hahamii nyumba ambayo hajaiona siku ya mvua.

Nikamwandikia yule bwana kwamba nitasubiri arudi. Akanibloku hapo hapo. Tangazo nalo likapotea.

Basi nikaanza kutembea. Barking nilionyeshwa chumba mchana, hita imewashwa, pananukia rangi. Nikapapenda! Lakini nikarudi kesho yake saa kumi na moja jioni, giza tayari. Nikagusa ukuta, umelowa. Nikavuta kabati: nyuma yake ukungu mweusi kama masizi.

Na kumbe sheria ya hapa England inatulinda, sema tu hatuijui. Tangu 2019 wakala haruhusiwi kumtoza mpangaji hela ya kuonyeshwa nyumba, ile tunayomwachia dalali Dar hata nyumba ikitushinda. Hela ya kushikilia chumba haizidi kodi ya wiki moja. Dhamana, kwa kodi zetu hizi za kawaida, haizidi ya wiki tano. Sasa mtu anayetaka pauni 1,400 kabla hujakanyaga mlangoni, kodi yenyewe 700, huyo ni nani kama si tapeli?

Nimepata Leyton. Chumba kidogo, dirisha linatazama ukuta wa jirani, pauni 780. Mwenye nyumba, mama mmoja wa Kijamaika, alikuja mwenyewe na funguo mkononi. Nilihamia tarehe 27, maana siku ya Krismasi yenyewe treni na mabasi ya London hayatembei kabisa.

Usiku ule nikampigia mama video, nimtembeze. Kitanda hakukisifia. Jiko hakuliulizia.

"Vuta kabati," akasema, "nione nyuma."

Nikavuta. Pakavu.

"Haya. Sasa lala, mwanangu."