Mama wa Mutomo Alipika, Nami Nikapita

Kosa ni langu, si la dereva. Mimi ndiye niliyetazama ramani, nikaona lami imefika kutoka Kibwezi hadi Kitui, nikaamua kwamba Makueni na Kitui zinaweza kutembelewa kwa siku moja kutoka Mombasa.

Kazi yangu ni kupangia wageni matembezi. Familia hii ilitoka Muscat, watu wenye asili ya Pwani, Kiswahili chao safi. Walishamaliza Fort Jesus na Mji wa Kale, wakaomba mji mdogo wa bara, wa kwenda na kurudi. Jibu sahihi lilikuwa Rabai, isiyofika hata kilomita 30 kutoka Mombasa. Huko ndiko alikoishi mmisionari Krapf, na kuna makumbusho. Mwaka 1849 alitoka Rabai kwa miguu, akafika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba, na tarehe 3 Desemba akauona Mlima Kenya akiwa huko. Lakini Rabai niliiona ndogo mno kwa wageni waliosafiri mbali. Niliogopa wataniona sijui nchi yangu.

Basi tukashika njia ya Makueni. Makindu, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa, tuliingia jua limeshapanda. Pale kuna hekalu la Masingasinga, lililojengwa 1926 kwenye mji uliozaliwa na reli. Unavua viatu, unafunika kichwa, unalishwa bure, na hakuna anayekuuliza dini wala kabila. Mzee mmoja alikuwa akipita na chapati za moto, akimuuliza kila mtu kama ataongeza. Adabu ya mahali pale ni kutobakiza chakula. Bi mkubwa wa familia alikuwa amefika nusu ya chapati yake, anakula taratibu, anamuuliza mzee habari za reli. Mimi nikamsimamia kichwani.

"Mwanangu, tunakimbizwa na nini?" akaniuliza.

Nikasema tumechelewa. Akaiacha ile nusu kwenye sahani, akamtaka mzee radhi kwa kosa lisilokuwa lake.

Tulirudi Kibwezi, tukavuka Mto Athi, tukapita Ikutha. Hapo dereva akaniambia polepole, "Bosi, mama anakaa karibu na Mutomo. Amepika muthokoi. Tuingie hata dakika kumi."

Anayejua muthokoi anajua alichokuwa akiniambia. Mahindi hulowanishwa na kutwangwa mpaka maganda yatoke, yakapepetwa, kisha yakachemshwa na maharagwe kwa saa nyingi. Na kusini mwa Kitui ni kukavu. Maji ya kupikia mara nyingi yametoka mbali kwa punda. Mama yule alianza kazi ile kabla sisi hatujatoka Mombasa, au hata jana yake. Nikamjibu mwanawe kwamba tutapitia tukirudi. Nilijua kwamba tukirudi itakuwa usiku na sitakubali kusimama. Ulikuwa uongo, na yeye alijua.

Mji mdogo wa bara, maisha ya watu wa kawaida: kitu chenyewe walichoomba wageni wangu kilikuwa kimepakuliwa mezani nyumbani kwake. Nikawapitisha.

Kitui tulifika magenge yakifungwa. Mwamba wa Nzambani tuliuona kwa mbali gizani. Hakuna aliyelalamika. Tulipopita tena Mutomo, dereva alisimamisha gari kando, akampigia mama yake simu, akazungumza Kikamba kwa sauti ya chini, kisha akaendelea kuendesha.

Baada ya Mtito Andei, katikati ya malori, usingizi ulimchukua. Gurudumu liliacha lami, Bi mkubwa akapiga ukelele, dereva akaamka. Hatukuumia. Lakini nilikuwa nimemwendesha mtu mmoja tangu kabla ya alfajiri hadi usiku wa manane, na angekufa yeye au wangekufa wageni, ramani yangu ndiyo ingekuwa imewaua.

Leo anayetaka kwenda na kurudi namwambia Rabai. Makindu ni kwa anayeelekea Nairobi, ale ashibe, asikilize, kisha aendelee. Anayetaka Kitui namwambia alale huko, aamkie sokoni. Wengine hukataa, nami nakubali kuikosa pesa yao.

Dereva anasema amenisamehe. Mama yake sijamwona, na radhi yake siwezi kuiomba kupitia kwa mwanawe.