Bibi wa Matombo

Bibi yangu mzaa mama alifariki dunia mwaka 1983, wakati wa masika, nyumbani kwake Matombo katika milima ya Uluguru. Siku zile mvua iliharibu barabara ipitayo Kiroka na Mkuyuni, nami niliyekuwa nikifundisha mjini Morogoro nilifika Bibi amekwisha zikwa. Nililikuta kaburi bichi, udongo wake mwekundu ukichuruzika maji.

Asiyejua desturi za Waluguru hataelewa vema yule mama alikuwa nani pale nyumbani. Katika sehemu nyingi za nchi yetu bibi arusi hupelekwa kwa mumewe. Kwetu, aliyekuja ni Babu. Alikuja na jembe lake, akapewa kulima ardhi ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Ardhi hiyo ilishuka kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na wazee wa ukoo, wajomba hasa, wakawa wasimamizi wake. Kwa hiyo mtoto wa kike alipozaliwa, vigelegele havikuwa vya adabu tu. Ukoo ulikuwa umepata wa kuuendeleza.

Babu na Bibi walilifanyia jambo hili mzaha wa maisha yao yote. Babu akirudi jioni, jembe begani, alisimama uani na kupiga hodi katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Bibi alijibu toka jikoni, “Karibu, mgeni.” Mzaha huo ulidumu zaidi ya miaka arobaini, na sikumbuki hata siku moja ulipowachosha.

Lakini Bibi hakuwa mtu wa mzaha ilipohusu ardhi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia yenyewe haikuwa mbaya, kwani udongo wa milima ile huteremka kweli. Ubaya ulikuwa katika amri na katika kazi yenyewe: kuchimba ngazi kulifukia udongo wenye rutuba na kuleta juu ule usiozaa. Bibi alipenda kusema, huku akimenya mihogo, “Walitufundisha kuzika chakula na kupanda njaa.” Mwezi Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akafa. Mpango ule haukuendelea tena. Bibi alikuwamo katika umati, akiwa amenibeba mimi mgongoni, mtoto wa miezi michache. Hivyo nami naweza kudai kwamba nilikuwapo, ingawa nasikia nililala usingizi.

Nimewahi kuwafundisha wanafunzi habari za mwaka ule kwa ubao na chaki. Sikuweza kuwaonyesha miguu ya Bibi, nyayo zilizopasuka kwa kushuka na kupanda na mikungu ya ndizi kichwani hadi gulioni, wala ile tabia yake ya kupima udongo kwa vidole kabla ya kupanda, kama mtu apimaye nguo dukani.

Matanga yalipokwisha, wazee wa lukolo walikaa. Kila mtu alilijua lililobaki kusemwa. Mwenye ardhi amekufa. Mume ni mtu wa ukoo mwingine, na kwa desturi aweza kuambiwa arudi kwao. Babu alikuwa amekwisha funga mkeka wake. Kwao alikotoka hapakuwa na aliyemjua tena isipokuwa makaburi. Migomba yote iliyoonekana pale aliipanda yeye.

Mjomba mkubwa alikohoa, asiseme neno. Ndipo mama yangu alipoinuka na kutamka, “Wajomba zangu, shamba hili sasa ni langu mimi. Huyu ni baba yangu. Anakaa kwangu.” Wazee walitazamana. Mjomba akaitikia kwa kichwa, akaagiza pombe iletwe. Desturi ile ile iliyoweza kumfukuza Babu ndiyo iliyompa binti yake uwezo wa kumweka.

Babu aliishi pale miaka sita zaidi. Kila alipotaka kukata mkungu wa ndizi katika migomba aliyoipanda mwenyewe, alisimama kwanza uani, akavua kofia, akamwita binti yake, “Hodi, mama. Naomba mmoja.”